Damu Niliyompa Wifi Kabla ya Arusi

Nakumbuka, mwanangu, ilikuwa siku ya soko pale Kashebere. Nilikuwa nimekaa kando ya barabara na mafungu yangu ya ndizi na chupa za mawese, nikingoja magari yapandayo kutoka Walikale. Nilikuwa msichana ambaye posa yake imekwisha kupokelewa. Mbuzi walikuwa wamefika kwa baba, ng'ombe alikuwa ameahidiwa, na tulichokuwa tukingoja ni mavuno ya maharagwe tu ili arusi ifungwe kanisani. Mchumba wangu aliitwa Faustin, mkulima wa vilima vya Masisi, mwana wa mkulima. Sisi ni watu wa msitu, wao ni watu wa vilima, lakini barabara ni moja, nayo ndiyo iliyotukutanisha.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi, watu walipotoka misani, niliwasikia wewe na wenzako mkibishana. Hospitali imeomba vijana waje kutoa damu. Tangu njia ya Goma ianze kufungwa na kufunguliwa pale Mubambiro kama mlango wa nyumba yenye ugomvi, damu ya kutoka mjini haifiki kila inapotakiwa, basi imebidi itoke mikononi mwetu. Mmoja wenu alisema ukitoa damu unanyauka. Mwingine akasema wanaiuza. Wa tatu akauliza: je, huyo atakayepewa damu yangu, anakuwa nani wangu? Mkamcheka. Msimcheke. Swali hilo mimi nililibeba kabla yenu, na nusura limuue mtu.

Siku ile ya soko Faustin alifika juu ya pikipiki ya kukodi, akashuka kabla haijasimama.

“Sifa, kuya! Acha bitu byako byote, kuya!”

“Ni nini? Nani amekufa?”

“Hakuna mwenye amekufa. Bado. Feza amezaa. Mutoto iko muzima, lakini yeye damu haisimame.”

Feza alikuwa dada yake mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa mama yao. Wanaume wa kilimani walikuwa wamemteremsha kwa kipoyi, ile machela ya miti tunayobeba mabegani, hadi hospitali. Mume wake alikuwa mbali, kule Omate, akichimba madini, na mtu aliye Omate humpati kwa siku moja. Munganga, ndivyo tunavyomwita mtabibu wa hospitali, alikuwa amewapima ndugu waliokuwepo. Damu ya Faustin haikupatana na ya dada yake. Mama yao alikataliwa, wakasema yeye mwenyewe damu yake ni kidogo. Waliombeba Feza walipimwa nao, wengine hawakufaa, na wengine walipoona sindano walikumbuka kwamba wana kazi nyumbani.

“Njo maana nikakuwaza weye,” akasema Faustin.

“Miye siko wa ukoo yenu.”

“Munganga anasema damu haiangalie ukoo.”

Hapo, mwanangu, ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza. Toka utoto nilikuwa nimesikia kwamba damu ndiyo ukoo wenyewe. Sasa naambiwa haiuangalii! Lakini sikuwa na nafasi ya kubisha. Nilimwachia jirani yangu ndizi na mawese, nikapanda pikipiki, tukaenda.

Munganga aliyetupokea alikuwa mama wa makamo mwenye sauti kubwa. Aliniingiza katika chumba kidogo, akamtoa Faustin, akamtoa na mama yake, akafunga mlango. Akanipandisha kwenye mizani, akanifunga kitambaa cha kupimia msukumo wa damu, kisha akaanza kuuliza. Umewahi kuugua manjano? Una homa? Unatumia dawa gani? Uko na mimba? Unalala na mwanaume? Mmoja ao wengi?

Nilitazama mlango. Chini yake niliona ncha ya kikwembe, yaani kitenge, cha Mama Feza. Mama Feza ndiye aliyekuwa awe mama mkwe wangu, na hakuwa amesogea hata kidogo.

“Usiangalie mulango,” munganga akasema. “Angalia miye. Humu ndani hakuna mama mukwe, iko miye na weye tu. Ukinidanganya, siyo miye unadanganya, ni ule mwenye kulala pale.”

Nikamjibu kweli yote, kwa sauti ya chini. Alinitoboa kidole, akachanganya tone la damu na maji yake ya dawa kwenye kigae cheupe, akakitikisa taratibu. Kisha akavuta damu nyingine kidogo mkononi, ya kutafutia magonjwa. Nilidhani sasa ndiyo itatolewa ile yenyewe. Nikajilaza kitandani.

“Unalala kufanya nini?” akauliza. “Leo umekula?”

“Hapana, Mama. Nimekunywa maji asubuhi.”

“Basi enda ukule.”

“Nikule? Feza iko anakufa!”

“Majibu bado haijatoka, hata ukilala hapa haitatoka mbio. Kula, kunywa chai ya sukari. Unafikiri damu inatoka wapi, ku maombi?”

Basi nikaketi barazani na sahani ya bitoke, ndizi za kupikwa, na maharagwe aliyonunua Faustin langoni. Fikiri, mwanangu. Ndani mtu anatokwa na uhai, na mimi niliyeitwa kumsaidia nimekaa na sahani mapajani kama mtu aliyealikwa karamu ya ubatizo. Mama Feza akatoka wodini, akaniona.

“Yesu wangu! Mutoto yangu anakufa na huyu anakula!”

Nikaweka sahani chini. Dirisha likafunguka, munganga akatoa kichwa.

“Rudisha mukono mu sahani!”

“Sahani gani?” Mama Feza akafoka. “Alikuja kwa matanga ao alikuja kusaidia?”

“Alikuja kusaidia, na muntu wa njaa akitoa damu, anaanguka. Nikishika mwenye kuanguka, nani atashika binti yako? Kula, weye!”

Nikala huku machozi yakiingia kwenye maharagwe. Sikujua ninamtii nani na ninamkosea nani.

Munganga aliponiita tena, aliniambia peke yangu, mlango ukiwa umefungwa, kwamba sina ugonjwa na kwamba damu yangu inapatana na ya Feza. Nilitoka mbio kuwaambia. Nilitazamia vigelegele. Badala yake Mama Feza alinishika mkono, ule mkono wenyewe, akaushikilia.

“Ngoja. Ngoja kwanza Muzee afike.”

Muzee alikuwa baba mkwe wake, babu yake Faustin na Feza. Alikuwa bado njiani akiteremka kilima kwa fimbo. Na hapa nisimame kidogo nikueleze, usije ukamwona Mama Feza mjinga. Huyo Muzee, katika ujana wake, alikuwa amechanjiana na mfanyabiashara mmoja wa Walikale. Walikatana ngozi mbele ya watu wa pande zote mbili, kila mmoja akanywa damu ya mwenzake, wakawa ndugu. Tangu siku ile watoto wa nyumba hizo mbili hawaoani. Mjomba mmoja wa ukoo alimpenda msichana wa nyumba ile, akakatazwa, akaondoka, na hakurudi tena kilimani hata mama yake alipozikwa. Mama Feza alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake akiwa bibi arusi mgeni.

“Damu yako ikiingia mu mwili ya Feza,” akaniambia, “unakuwa dada ya Feza. Ukiwa dada ya Feza, Faustin iko nani yako?”

“Sijui, Mama.”

“Hata miye sijui! Njo maana nasema tungojee Muzee. Miye sikukataze. Nani anaweza kukataza? Lakini ujue: ukitoa hii damu, pengine na arusi unaitoa.”

Nilimgeukia Faustin. Alikuwa anatazama viatu vyake.

“Sema kitu, Faustin.”

“Miye sijui, Sifa. Mama anasema hivi, munganga anasema vile.”

“Na weye unasema nini?”

Akaendelea kutazama viatu.

Mwanangu, hata methali zilinitupa siku ile. Tunasema penye wazee haliharibiki neno. Basi ningoje mzee. Tunasema tena ngoja ngoja huumiza matumbo, basi nisingoje. Zote mbili ni za wazee wetu, na kila moja ilinivuta upande wake. Nilikuwa nampenda kijana yule mwenye kutazama viatu. Nilikuwa nimekwisha kuona, kichwani mwangu, shamba letu la maharagwe na mlango wa nyumba yetu umeelekea wapi. Na sasa eti vyote hivyo vingeweza kupita katika mrija mwembamba, viishie kwenye mfuko.

Nikachungulia wodini. Midomo ya Feza ilikuwa na rangi ya majivu. Mtoto wake alikuwa amelazwa pembeni, akinyonya ngumi yake mwenyewe. Siku ya posa, watu wa kwao walipoguna kwamba msichana wa msitu hataweza kulima mteremko, Feza ndiye aliyewajibu kwamba jembe halimuulizi mtu ametoka wapi. Nikakumbuka na methali ya tatu, fupi kuliko zote: mgonjwa haulizwi uji.

“Mama,” nikamwambia Mama Feza, “arusi inaweza kungojea Muzee. Feza hawezi.”

Usidhani nilikuwa jasiri. Sikuwa nimeelewa neno hata moja. Niliingia nimechanganyikiwa na nikatoka nimechanganyikiwa. Tofauti ni kwamba kati ya kuingia na kutoka, damu ilipatikana.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana najua hilo ndilo unalotaka kujua. Munganga alinifunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa mshipa, akausafisha kwa pamba yenye dawa baridi. Sindano ni kubwa kuliko ile ya malaria, sitakuficha. Inauma kama mwiba unapoingia, kisha inakuwa kama mwiba uliokwisha kuuzoea. Aliniambia nikunje vidole na kuvikunjua, polepole, kama mtu anayekamua kitambaa. Mrija ulipita juu ya ngozi ya mkono wangu, na jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba ulikuwa na joto. Sikuwahi kufikiri kwamba damu yangu ina joto. Mfuko nao haukuwa mkubwa nilivyoogopa. Kina mama wengi hubeba mawese mengi kuliko damu ile kwenye chupa moja ya sokoni. Na haikuchukua hata muda wa kuivisha ndizi chunguni.

Aliponichomoa sindano nikakurupuka nimfuate na mfuko wake. Kuta zikazunguka.

“Lala!” akapiga kelele. “Bonyeza pamba, kunja mukono, lala. Nilikuambia simama?”

“Mama, imebakia ngapi ndani yangu?”

“Mingi. Maji yake mwili inarudisha mbio. Damu yenyewe inarudi polepole. Kula sombe, majani ya muhogo, kula maharagi, na kanyama kama iko. Leo usibebe mandoo, usibebe muzigo ku mukono hii.”

Akaenda na mfuko ungali na joto. Kupitia mlango nilimwona akiutundika juu ya Feza, akisimama pale, akimwangalia usoni, hakuondoka. Sijawahi kuona kitu kikishuka taratibu namna ile.

Muzee alifika nikiwa bado nimelala. Mama Feza alimweleza yote kwa pumzi moja, mabitoke na yote. Mzee akaketi kwenye benchi, akaweka fimbo kati ya magoti, akaniita.

“Binti, nani alishika kisu?”

“Hakukuwa kisu, Muzee. Ilikuwa sindano.”

“Feza alikunywa damu yako?”

“Waliitundika, Muzee.”

“Weye ulikunywa yake?”

“Hapana.”

“Ulisema maneno gani ilipokuwa inatoka?”

Nikafikiri. “Nilisema aiii.”

Mzee akacheka hadi fimbo ikaanguka. Kisha akaacha kucheka. Akamgeukia Mama Feza na Faustin, na sauti yake ikawa nyingine.

“Miye nilichanjiana. Nilikata, nikanywa, naye akanywa, na tuliapa maneno mbele ya watu, ya kwamba mwenye kuvunja afe. Yale maneno njo yalifunga. Hapa nani aliapa? Huyu alisema aiii! Mulikuwa munanifanya miye kuwa mulango wa kufungia mugonjwa inje? Kama ningeanguka kule kilimani, ama ningekuja kesho? Na weye, Faustin. Ulikuwa unatazama chini. Chini kulikuwa nini?”

Faustin akaficha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

Nikadhani basi, mambo yamenyooka. Lakini mzee akaongeza, akiokota fimbo: “Ila musikie. Mpaka arusi ipite, huyu na Feza wasiitane dada. Maneno njo kisu.”

Asubuhi iliyofuata Feza alifumbua macho yake vizuri. Midomo ilikuwa imerudia rangi ya midomo. Wakamwambia ni nani aliyempa damu. Akanyoosha mkono kunitafuta, machozi yakamtoka.

“Sifa. Aksanti. Weye sasa uko d…”

Mama Feza akamziba mdomo kwa kiganja. Wanawake wa vitanda vya jirani wakashtuka wakidhani anamuua.

“Usiseme!”

“Nisiseme nini?” Feza akauliza kati ya vidole.

“Hiyo! Usiiseme! Mwite wifi.”

“Wifi? Arusi imekuwa lini? Nililala siku ngapi?”

Wodi nzima ikacheka, na mimi nikacheka nikishika mkono wangu. Lakini moyoni nilibaki na fundo. Kama damu haikufunga kitu, kwa nini tunaogopa neno? Na kama neno linaweza kufunga, damu haikuwa na kazi? Nikamfuata munganga nikamuuliza. Yeye alinijibu kwa njia yake: chembe za damu haziishi milele, hata zako mwenyewe. Zile nilizompa Feza zitafanya kazi yake miezi kadhaa, zitakufa, na mwili wa Feza utakuwa umetengeneza za kwake. Mwishowe hakuna hata chembe yangu itakayobaki.

Mama Feza, aliyekuwa nyuma yangu kama kawaida yake, akakamata maneno hayo.

“Inaisha yote?”

“Yote, Mama.”

“Basi tungojee iishe. Kisha waoane.”

Munganga alicheka mpaka akafuta macho. Lakini hakubisha. Akasema kama hiyo ndiyo itakayompa mama usingizi, vijana wangoje, hakuna aliyekufa kwa kungoja arusi. Muzee alikubali. Baba yangu alikubali. Mavuno ya maharagwe yakaja yakapita, tukapanda mengine, na hayo ndiyo yaliyoliwa kwenye arusi yetu. Katika kungoja huko nilimwambia Faustin jambo moja, nikalisema mara moja tu: kwamba naweza kuishi na mume asiyejua, lakini siwezi na yule asiyeniangalia wakati hajui. Tangu hapo, akiwa hajui, huja kuniambia hajui huku akinitazama machoni. Na hajui mara nyingi, masikini.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, Mama Feza alimfunua kitambaa, akamgeuza mbele na nyuma, akamkagua masikio, vidole na nyayo. Kisha akamfunika.

“Iko mutoto tu,” akasema, akakaa chini kwa uchovu wa mtu aliyeshusha mzigo ambao hakuna aliyemwona ameubeba.

Basi, mwanangu, shika haya. Siku ya kutoa damu, kula kwanza, na unywe maji, hata kama mtu atakuona mlafi. Chumbani sema kweli yote, hata ile ya aibu. Mlango umefungwa kwa ajili hiyo, na majibu yako ni yako. Kama una homa au mimba, au kama damu yako ni kidogo, watakurudisha nyumbani, na kurudishwa si fedheha: Mama Feza alirudishwa, na hakuna mama aliyempenda mtoto wake kuliko yeye. Ukimaliza, lala mpaka wakuruhusu kuinuka, na kizunguzungu kisikutishe. Mwanamke asirudi kutoa kabla ya miezi minne, mwanaume mitatu. Ukiweza, usingoje mpaka ndugu yako abebwe kwa kipoyi. Nenda ukiwa na moyo mtulivu, siku ambayo hakuna anayelia mlangoni.

Na swali la yule kijana, huyo anayepewa anakuwa nani wangu? Nimezeeka nalo. Munganga alinijibu, Muzee alinijibu, na majibu yao hayafanani, na yote mawili nimeishi nayo nyumba moja. Sikukatazi kuuliza. Uliza njiani ukienda, uliza njiani ukirudi, lakini usisimame katikati ya njia uulizie hapo, maana mtu anayetokwa na damu hana muda wa kusubiri ukoo wako ukubaliane. Heshimu wazee, na mimi nikiwemo. Lakini ukiona mzee bado yuko kilimani na mgonjwa yuko mbele yako, mtangulize mgonjwa. Mzee mwenye akili atakukuta na atakushukuru.

Mungu wa baba zetu akupe mshipa unaoonekana upesi na moyo usiokimbia. Akurudishie kwa wingi kila unachokitoa. Na siku utakapolala wewe, mwanangu, siku hiyo isije, lakini ikija, ukute kuna mtu amekwisha kula, amekwisha kusema kweli, naye ananyoosha mkono wake kwa ajili yako. Amina.